Safari ya Kwenda Kuangalia Shati

Siku ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ni ile aliyosafiri baba yangu kutoka Gorong'a mpaka Dar es Salaam kumwona kaka yangu chuo kikuu, akafika chini ya jengo analolala mwanawe, akakataa kupanda ngazi. Nilikuwepo. Nimekumbatia kibuyu cha maziwa, nimesimama katikati yao kama kigingi. Sasa nimezeeka, na wewe mjukuu wangu ndiye uko chuo, ndiyo maana nakuandikia. Mwandiko utauvumilia. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kilichobaki nilifundishwa na huyo huyo kaka. Nitakuambia ilivyokuwa.

Kaka aliitwa Mwita. Ilikuwa ile miaka ya ujamaa, redio asubuhi kilimo, jioni kilimo, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka shule ya msingi. Siku anaondoka, baba alichinja dume la ng'ombe. Mwenyekiti wetu akasimama akahutubia, akasema huyu si mtoto wa Marwa tena, huyu ni mtoto wetu sote, akirudi anakuja na zahanati na maji ya bomba. Utafikiri Mwita alikuwa anakwenda kununua bomba dukani! Wazee wakampa mkono, mmoja baada ya mwingine, na yeye anatazama chini muda wote. Sisi tulidhani ni adabu.

Aliyemchokoza siku ile ni mmoja tu, Bibi Wankuru, mama yake baba.

"Mume wangu," alimwambia, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu anatambaa, "ukiniletea mke mwenza kutoka Dar, awe anajua kusonga ugali. Mimi sipikii mwanamke mwenzangu."

Watu wakavunjika mbavu. Mwita naye akacheka. Ndicho kicheko chake pekee nilichokiona siku ile.

Hapa nisimame kidogo nikueleze, maana ninyi mmezaliwa kwenye nyumba za vyumba vitatu na hamjui. Kwetu Wakurya, kijana akishatahiriwa anapata nyumba yake, na kuanzia hapo baba yake haingii humo. Mvua ya mawe inyeshe, simba apite, baba haingii. Baba haangalii kitanda cha mwanawe, na mwana haangalii cha baba yake. Si ugomvi, ni heshima. Mama naye ana mpaka wake. Lakini bibi hana mpaka. Bibi kwa mjukuu ni mke wa utani, anaingia bila hodi, anakaa kitandani, anainua blanketi, anauliza mbona humu kunanuka kama zizi, na hakuna wa kumwambia toka. Likae kichwani hilo, maana ndilo tulilolisahau.

Basi, mwaka wa pili barua za Mwita zikakoma. Mama akawa kila anayetoka Tarime mjini anamkimbilia kumuuliza kama amepita posta. Hakuna kitu. Mwisho akamwambia baba, "Nenda ukamwone. Salamu usiniletee. Niletee habari ya anapolala, pakoje, na kama anakula."

Baba akauza ndama mnadani, nauli ikapatikana. Asubuhi ya safari tukamkuta Bibi Wankuru amekaa mlangoni, amefunga nguo yake safi, fimbo mkononi, tumbaku kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kwa mume wangu."

"Dar es Salaam siyo Nyamongo. Utachoka njiani."

"Nikichoka utanibeba. Mimi nilikubeba."

Baba alikataa. Alisema ni umri. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya ghala nilipomsikia akimwambia mama ukweli: wasomi watamcheka Mwita wakimwona bibi mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka yanagusa mabega, anatema tumbaku kwenye maua ya serikali. Akanichagua mimi, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, hodari kwa kutaja bei na kutukana dalali, kwingine kinakwama. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shule. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Bibi hakununa. Aliingia ndani akatoka na kibuyu chake cha maziwa ya mgando, kile kilichokuwa kikinukia moshi hata kikiwa kitupu. "Mpe mume wangu," akaniambia. "Anywe, kisha kibuyu changu kirudi."

Tulipanda basi mpaka Mwanza, halafu treni. Mengi ya njiani nimeyasahau, ila hili sijasahau. Joto lilipozidi, maziwa yakaumuka ndani ya kibuyu, na tulipokuwa tumesimama stesheni ya Tabora kizibo kikaruka. Maziwa yakamrukia bwana mmoja aliyevaa suti, na kalamu zake mfukoni. Akaruka juu, akaanza kunifokea mimi.

Baba akaniambia kwa Kikurya, "Mwambie asifute. Alambe. Ni maziwa ya mama yangu."

Nikamgeukia yule bwana. "Baba anasema samahani sana, mzee."

"Mbona amesema maneno mengi?"

"Kwetu samahani ni ndefu."

Baba alipojua nilichosema alicheka mpaka Morogoro. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mwanangu, kwa furaha. Ndiyo maana inaniuma.

Tulifika chuoni asubuhi. Majengo yamepanda juu, nguo za vijana zinaning'inia madirishani. Mtu akaenda kumwita Mwita, tukangoja chini, kwenye ngazi. Alikawia sana. Baba akasema, "Msomi hatoki mbio kama mchunga mbuzi." Kisha akatoka.

Shati jeupe. Nikifumba macho naliona. Jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono ina mikunjo mikali kama kisu, na viatu vinang'aa. Amekonda, shingo imerefuka, lakini amesimama wima. Akainama, "Shikamoo, tata," maana tata kwetu ni baba. Baba akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, na uso wake, baba yangu ambaye hakucheka hovyo, ulikuwa kama wa mtoto.

"Mbona shingo imekuwa ya mbuni?"

"Ni kusoma, tata."

"Unakula?"

"Nakula."

"Barua je?"

"Kazi zimekuwa nyingi."

Baba akaridhika. Akaanza kumpa habari za ng'ombe, yupi amezaa, yupi amevunjika pembe, na Mwita anaitikia kila neno, ndiyo tata, ndiyo tata. Nyuma yake alikuwa amesimama kijana mwenzake wa chumba, mtu wa Tanga, jina lake Shabani, mpole, sauti yake laini kama anabembeleza mtoto. Akatuamkia, kisha akaniambia mimi, "Dada, mwambie baba apande juu akione chumba. Tumewapikia chai."

Nikamwambia baba. Akatikisa kichwa. Shabani akafikiri mzee anaona haya, akamshika mkono. "Baba yangu, panda. Ni hapo tu, ghorofa ya kwanza. Panda uone mwanao anavyoishi."

Baba akautoa mkono wake taratibu. Akaniuliza kwa Kikurya, "Huyu mtoto hakulelewa?"

Na Shabani hakuacha. Mara ya tatu alimsimamia mbele kabisa, na sauti ile laini ikawa imekauka: "Mzee, nakuomba. Ingia chumbani."

Hapo Mwita akaweka mkono begani kwa rafiki yake. "Mwache, Shabani. Kwetu baba haingii anapolala mwanawe. Ni mila." Akatabasamu. Mimi nililiona lile tabasamu. Sikulielewa, lakini nililiona. Ni la mtu anayekimbizwa, ghafla akakuta mlango uko wazi.

Nikasema basi nipande mimi. Mlinzi wa bweni, aliyekuwa amekaa pale kwenye kiti chake akitusikiliza, akainua kichwa. "Binti, hili ni la wanaume. Wasichana hawapandi." Ikawa imekwisha. Mwita akachukua kibuyu cha Bibi, akampa Shabani akipeleke ndani. Tukazungushwa chuoni, tukaonyeshwa nyumba ya vitabu, tukaonyeshwa bahari kwa mbali. Jioni Shabani akanirudishia kibuyu kikiwa kitupu, safi. Alinitazama kama anayetaka kusema kitu, lakini Mwita alikuwa kati yetu.

Baba aliondoka kifua mbele. Njia nzima ya kurudi aliwaeleza abiria habari za shati.

Nyumbani mama alikuja mbio. "Anapolala pakoje?"

Baba akatua mzigo. "Nyumba ni ya mawe," akasema. "Kubwa. Na shati lake ni jeupe kama maziwa."

Bibi Wankuru hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono kupokea kibuyu chake. Akatoa kizibo, akatia pua. Akakaa hivyo. Kisha akainua uso, na sikumwona na uso ule tena.

"Sabuni," akasema.

Baba akasema, "Wamekiosha, mama. Vijana wa mjini ni wasafi."

"Nani amekiosha? Mwita anajua kibuyu hakiguswi na sabuni. Tangu mdogo nimemfundisha mimi kukisafisha kwa kijinga cha moto. Mwita angekuwa amekishika hiki kibuyu, kingenirudia na masizi. Amekiosha mgeni. Na maziwa amekunywa mgeni. Mume wangu hakuonja." Akakiweka chini. "Mtoto wetu ni mgonjwa."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Umeona nini, Marwa? Ulikwenda Dar es Salaam kuangalia shati." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ulikuwa unaangalia taa?"

Nililia. Baba aliondoka akaenda zizini.

Bibi alitaka safari nyingine siku hiyo hiyo, aende mwenyewe. "Baba haingii, sawa, ndivyo ilivyo. Ndiyo maana mna bibi! Mila imewapa mtu wa kuingia, ninyi mkamwacha nyumbani kwa sababu ya masikio yake." Baba akasema tungoje mavuno. Kabla ya mavuno ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, nyumba zipangwe mstari kando ya barabara, kila mtu abomoe na kujenga. Miti, nyasi, udongo, watoto wadogo, ng'ombe hawana zizi. Siku zikaondoka. Simlaumu baba kwa hilo. Lakini yeye alijilaumu.

Mwita aliletwa na Shabani. Walishuka kwenye lori la pamba, na mimi nilimpita kaka yangu mwenyewe barabarani nikidhani ni mzee wa watu. Hakusema neno. Alikuwa akiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama alimshika mkono akamwingiza kwenye kibanda kipya cha vijana, akalala akageukia ukuta.

Shabani alikaa na sisi, akakataa chakula, akaongea, na mimi nikatafsiri. Alisema ilianza taratibu. Mwita alisema ukurasa anaousoma unamkimbia, anafika chini hajui juu kulikuwa na nini. Akaacha darasa. Akabandika magazeti dirishani mwanga usiingie. Akavuta godoro, akawa analala chini ya kitanda, mvunguni, mtu mzima. Alikataa kwenda kwa daktari, akamlisha Shabani kiapo asimwambie mtu, kwa sababu kijiji kizima kilimpa mkono na dume lilichinjwa. "Siku mlipokuja," Shabani akasema, "shati lilikuwa langu. Viatu ni vyangu. Nilimvisha mimi, nikijua mzee akipanda tu, akifungua mlango tu, kiapo changu kitakuwa hakina kazi."

Nilipomaliza kutafsiri maneno hayo, mwanangu, baba alikuwa ameshika magoti yake kama mtu anayeogopa kuanguka kutoka kwenye kigoda.

Bibi Wankuru ndiye aliyeingia kwa Mwita. Aliingia bila hodi, akakaa kitandani, na tulimsikia nje: "Mume wangu, sogea. Umeota miguu kama ya kunguru, unajaza kitanda." Alimpa uji kwa kijiko. Siku zote alikuwa humo ndani, anamtania, anamfinya, anamsafisha, anaongea mpaka sauti inakauka.

Na baba? Baba hakuvunja mila yake. Kila jioni ng'ombe wakishaingia, alichukua kigoda chake akaenda kukaa nje ya kile kibanda, mgongo kwenye ukuta, upande wa pili wa kitanda cha mwanawe. Udongo ulikuwa bado mbichi, maneno yanapita. Akawa anamsimulia ng'ombe. Huyu kafanya hivi, yule kafanya vile. Ndani kimya. Nikagundua kitu: baba alikuwa anakosea. Yeye aliyejua kila ng'ombe na mama yake na bibi yake, anamwita mweusi mwekundu, anasema fulani kazaa jike wakati kazaa dume. Nilidhani uzee umeingia. Nikataka kumsahihisha, Bibi akatoa kichwa mlangoni akanikata jicho.

Basi jioni moja baba anasema, "Leo nimemwona yule dume mwekundu tuliyepewa na wajomba, amepigana na..."

Na ukuta ukajibu. Sauti kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Tata, yule si mwekundu. Ni wa madoa."

Baba alifunga macho. Akasema taratibu kabisa, "Una hakika? Mimi naona mwekundu."

"Ni wa madoa. Wa madoa, shingoni."

Ndani Bibi Wankuru alipiga kigelegele mpaka kijiji kizima kikadhani kuna mtoto amezaliwa.

Laiti ningeweza kukuambia alipona akarudi chuo. Hakurudi. Alitoka nje, alianza kula, alioa hata. Kijiji kilipofungua madarasa ya watu wazima, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, kwenye banda la ofisi, na mimi, mtoto mgongoni, nilikaa mbele nikajifunza kuandika vizuri herufi unazozisoma sasa. Alikuwa mwalimu mzuri. Lakini kitabu kikubwa hakukishika tena, na mtu akitaja Dar es Salaam alinyanyuka akaenda zake. Wale waliompa mkono, kuna waliomcheka. Zahanati ililetwa na wengine. Ametangulia sasa, yeye na baba na Bibi.

Baba alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho aliniita. Nilidhani anataka maji. Akaniambia, "Gati, zile ngazi. Ningekaa pale pale. Sikuhitaji kuingia. Ningekaa chini ya lile dirisha nikamtajia ng'ombe mpaka ajibu." Na mimi hadi leo najiuliza kwa nini sikusema, "Tata, turudi tukamlete Bibi," wakati tabasamu lile nililiona.

Sasa nakuja kwako. Usidhani nakuambia mila ni mbaya. Mila ile ilitupa heshima, na mila hiyo hiyo ndiyo iliyomweka Bibi kwenye kile kitanda na baba kwenye ule ukuta. Tulichokosea ni kuichukua nusu, ile nusu ya kukataza, tukaiacha nyumbani ile nusu ya kuruhusu kwa sababu ilituaibisha mbele ya wasomi. Ukiwa mzazi, kama kuna mlango huwezi kuuingia, tafuta anayeweza, hata kama anatema tumbaku. Na ukimkuta mwanao ana Shabani anayekuvuta mkono mara ya tatu, acha kumwona hana adabu. Msikilize.

Lakini wewe bado ni mtoto, na kwako ninalo zito zaidi. Mwita alijificha nyuma ya heshima ya baba yake. Usijifiche nyuma yetu. Tulichinja mbuzi siku unaondoka, ndiyo. Mbuzi ameliwa, amekwisha, hakudai kitu. Ukurasa ukikukimbia, sema. Ukilala mvunguni, sema. Ukifeli, rudi, nitakusongea ugali, nawe utakuwa umefeli na umeshiba. Hatukukupeleka kule utuletee bomba.

Juzi ulinipigia simu ukasema, "Bibi, usije, nina mitihani, ila niko poa kabisa." Na picha ukatuma. Umevaa shati zuri sana.

Naja. Nimeshamwambia baba yako tunapanda basi pamoja stendi ya Tarime, mpaka huko kwako. Atakaa chini na mlinzi, anywe soda, yeye hapandi na hatapanda. Mimi nitapanda, ngazi moja moja, na magoti yangu haya, na kibuyu. Mlinzi akisema wanawake hawapandi, nitamwambia nakwenda kwa mume wangu, tuone atafanya nini. Usifagie. Usiazime kitu kwa mtu. Fungua tu mlango, nikae kitandani pako nikuangalie.

Nakutemea mate ya baraka hapa hapa juu ya karatasi, yakikauka ndiyo yamekuingia. Ulale ukaamke. Usome ukaelewe. Chakula kikupite kooni. Na usikose kamwe, mwanangu, mtu mmoja wa kuingia kwako bila hodi.